Malta wakati wa baridi: nje nyuzi 15, mbona ndani ya nyumba watu wanatetemeka na nguo zinaota koga?

Mwana_Kisauni
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu anaingia Malta mwisho wa Septemba kwa masomo ya mwaka mzima. Nikiangalia takwimu, Januari mchana ni nyuzi 15 au 16, usiku 9 au 10, theluji hakuna. Lakini wanaoishi kule wanasema baridi ya ndani inaishinda ya nje, na koga inaingia hadi kabatini. Chanzo ni nini, na ajipange vipi?

fundi_chokaa
Mkuu, takwimu zako ni sahihi, ila ni za hewa ya nje. Nyumba nyingi za Malta zimejengwa kwa jiwe la chokaa la palepale kisiwani, lile la rangi ya asali, laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno. Limejaa vitundu vidogo, kwa hiyo linafyonza maji ya mvua kwa nje na unyevu wa ardhini kwa chini. Tena nyumba zenyewe zimejengwa kupambana na kiangazi: dari refu, sakafu ya vigae, paa bapa, na nyingi hazina mfumo wa kupasha joto. Ikifika Januari, ukuta wa kaskazini usioonja jua unabaki na nyuzi 13 au 14 kutwa nzima.

Sasa hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kutoa matone ikigusa kitu cha nyuzi 12. Ukungu wenyewe (hiyo koga) hausubiri matone: hewa inayogusana na ukuta ikikaa kwenye asilimia 80 siku kadhaa, tayari umeota. Ndiyo maana madoa meusi huanzia nyuma ya kabati na kwenye pembe za dari, mahali ambapo ukuta ni baridi na hewa haipiti.

Kinachoharibu zaidi ni hita ya gesi ya mtungi. Kilo 1 ya gesi ikiungua inatoa mvuke wa maji kama lita 1.5, na wote unabaki chumbani. Mtu anahisi joto huku ukuta unalowa. Akiziba kila upenyo, kuna hatari ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na inaua. Atumie kiyoyozi chenye upande wa joto (alama ya jua kwenye rimoti), akiweke nyuzi 20.

Anunue kipima unyevu kidogo cha mezani na alenge asilimia 50 hadi 60. Kabati likae sentimita 10 kutoka ukutani. Akianika nguo chumbani, awashe mashine ya kufyonza unyevu na afunge mlango. Madoa yakishatokea, asiyafute kwa kitambaa kikavu, atasambaza mbegu za ukungu chumba kizima, alowanishe kwanza. Na siki asiipake kwenye jiwe tupu, kwa sababu asidi inakula chokaa.

Nahodha_Mstaafu
Naongezea jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi: kabla ya kufungua dirisha, jua kwanza upepo unatoka wapi.

Majjistral unatoka kaskazini magharibi, ndio unaovuma mara nyingi zaidi. Ni wa baridi, lakini unakausha. Hewa ya nyuzi 12 yenye unyevu wa asilimia 80, ukiiingiza ndani na kuipasha hadi nyuzi 20, inashuka hadi karibu asilimia 48. Siku hiyo fungua madirisha ya pande mbili kwa dakika 10 hadi 15, kisha funga.

Xlokk (tamka "shlok") unatoka kusini mashariki. Unaanzia Sahara ukiwa mkavu, ukivuka bahari unabeba unyevu, na mara nyingine vumbi jekundu linaloshuka na mvua na kuacha matope kwenye magari. Unaleta fukuto. Hewa ya nyuzi 18 yenye asilimia 90 ikiingia kwenye nyumba ya mawe yenye ukuta wa nyuzi 15, ukuta unatoa jasho na vigae vinateleza. Watu wanafungua madirisha siku hiyo kwa sababu nje kuna uvuguvugu, kumbe ndiyo siku ya kufunga.

Grigal unatoka kaskazini mashariki. Msidhani ni kama kaskazi yetu inayokaa miezi. Huu unakuja kwa siku chache, mkali, na mdomo wa Bandari Kuu ya Valletta unatazama uelekeo huohuo. Februari 2019 ulipiga kwa nguvu hadi mawimbi yakatupa samaki barabarani.

Mwana_Kisauni
Shukrani sana wazee wangu. Mvua je? Na kiangazi?

fundi_chokaa
Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550, nyingi kati ya Oktoba na Februari. Juni hadi Agosti karibu hakuna. Za Oktoba ndizo za kuogopa, maana bahari bado ina joto na radi hujengeka haraka. Msida, Birkirkara na Qormi ziko mabondeni, barabara zake hugeuka mito ndani ya nusu saa. Asipange chumba cha chini ya ardhi huko. Agosti mchana ni nyuzi 32 hivi, na rekodi ni 43.8, Agosti 1999. Plagi ni zilezile za pini tatu bapa, voti 230, hahitaji adapta.

Akienda kukagua chumba, asogeze kabati na kupitisha kiganja ukutani. Akikuta rangi mpya kwenye pembe moja tu ya chumba, huenda ukungu umefunikwa hapo.