Jiko la usiku: nibaki nje ya baa Bamburi, nivuke Mtwapa ama nishuke Mwembe Tayari?

MkaaMoto
Wadau habari za usiku. Mie nachoma mishkaki nje ya baa flani huku Bamburi, pombe siuzi hata tone lakini saa zangu za kazi zapangwa na leseni ya mwenzangu. Kwa ile sheria ya pombe ya 2010 tuliyoizoea kama sheria ya Mututho, baa siku za kazi ni saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, wikendi na sikukuu inafunguliwa saa nane mchana lakini kufunga ni saa tano ile ile. Sasa mlevi hasikii njaa saa mbili, njaa humshika akiinuka kuondoka, yani pesa yangu yote iko kwenye ile nusu saa ya mwisho na ndo nusu saa karandinga la polisi hupita. Wiki ya msako watu watoka mbio, hakuna wa kusimama kula, nabaki na nyama ishatiwa viungo na mkaa wawaka bure. Nafikiria Mtwapa kwenye klabu, au Mwembe Tayari kwa mabasi ya Nairobi. Wapi kuna afadhali?

BintiKisauni
Kaka Mtwapa ukishavuka daraja uko kaunti ya Kilifi, leseni yako ya biashara ya Mombasa huko ni karatasi tu, utaanza upya na kanjo wengine, yani askari wa kaunti. Ila usiku ni mrefu kweli, leseni ya klabu kwenye sheria hiyo hiyo ni saa moja jioni mpaka saa tisa usiku, hayo masaa manne baada ya baa kufunga si mchezo. Lakini majiko yashajipanga, na kila kona nzuri ina mwenyewe.

TuktukSaaSita
Mie nawabeba hawa watu kwa hivyo nawajua. Wa baa wamwagwa wote kwa mpigo, wa klabu wachuruzika mmoja mmoja hadi alfajiri. Kwa mtu wa mishkaki naona klabu ni bora sababu unachoma kidogo kidogo, nyama haikauki. Tatizo ni kurudi, saa kumi usiku na pesa mfukoni kutoka Mtwapa hadi Bamburi, hapo mie mwenyewe huomba dua.

BwanaViazi
Niko Mwembe Tayari miaka. Msafiri hanywi na hana haraka ya karandinga, ila chenji ahesabu mpaka shilingi ya mwisho, si kama mlevi wako anayekuachia. Na mishkaki hainunuliwi sana, nani ataka mafuta yamdondokee suruali kabla ya safari ya usiku kucha? Wataka viazi karai na ukwaju kwenye kifuko, mahamri, chai ya rangi. Faida ni ndogo kwa kila mmoja lakini hailali. Alafu Ramadhani ikifika baa zote zapoa, huku town watu wako nje mpaka daku, mwezi huo hata mishkaki yaenda.

MamaKaunta
Nina baa ndogo, wacha niseme upande wetu. Watu hutuuliza mbona tusichukue leseni ya klabu kama kwamba yaokotwa. Leseni za pombe ziko kwa kaunti tangu ugatuzi, kuna kamati, majirani wana haki ya kupinga, na ukiwa ndani ya mita 300 na shule ya watoto hupati, basi. Na ile sera ya 2025 ya Nacada, wale wa serikali wa kupambana na ulevi na dawa za kulevya, yataka umri wa kunywa upandishwe hadi 21 na ufuoni kusiuzwe pombe, bado si sheria lakini mie sitii pesa mpya kwenye viti sai.
Jambo moja mwanangu MkaaMoto: kuna mwenye baa atakwambia muwekee chupa chache kwenye kiboksi chako cha barafu akishafunga. Kataa. Ukishikwa nazo ni weye umeuza bila leseni, yeye ashalala.

MkaaMoto
Mama hilo nishaombwa wallahi, nikajifanya sisikii. Sasa naona hivi, Jumatatu hadi Alhamisi nishuke Mwembe Tayari na viazi, Ijumaa na Jumamosi nirudi Bamburi na mishkaki. Mtwapa niache kwanza. BwanaViazi nafasi huko yapatikanaje?

BwanaViazi
Njoo saa kumi jioni kabla watu hawajapanga, usilete jiko siku ya kwanza, salimia wazee kwanza. Na cheti cha afya uwe nacho, kanjo wa huku ndo kitu cha kwanza huuliza.

TuktukSaaSita
Mzigo wa kwenda na kurudi tuongee inbox. Ila jiko likiwa bado na moto mie silibebi.