Josho la kijijini kwetu: hela mnakusanya kila wiki, kupe wanatoka wazima

Wakuu, nimekuja na hasira, mnivumilie.

Jana nimefukia ndama mwingine. Ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe. Tezi za chini ya sikio zimevimba kama yai, homa haishuki, anahema kwa shida, mwisho povu puani. Na huyu hajawahi kukosa josho, lile bwawa la maji ya dawa ya kuua kupe! Kila wiki anaoga, kila kichwa kinalipiwa.

Sasa nauliza, kamati ya josho, yale maji mmeweka nini? Juzi, kesho yake baada ya kuogesha, nilifunua sikio la mama yake. Kupe wamejazana humo ndani, miguu inacheza. Kupe akishang'ata siku 3 au 4 anakuwa ameshamwaga vijidudu, kwa hiyo josho lisipomuua mapema limefanya kazi gani?

Kinachofanyika tunakijua. Maji yakipungua wanaongeza maji, dawa haiongezwi. Tope la msimu uliopita liko chini pale pale. Ukiuliza kamati unaambiwa dawa imeisha, subirini. Basi fungeni josho na hela msichukue! Dawa iliyochakachuliwa ni hasara juu ya hasara: inaua kupe legelege, sugu wanabaki wanazaana, halafu hata mwenye bomba lake la mgongoni anapulizia bure.

Chanjo ya ndigana ipo, ng'ombe anachanjwa mara moja tu. Inatunzwa imegandishwa kwenye mtungi wa naitrojeni, na ikishayeyushwa inatakiwa iishe ndani ya masaa machache, ndiyo maana mtaalamu hatoki mpaka ndama wengi wakusanywe. Hilo naelewa kabisa. Tukaandikisha ndama, tukachanga, siku ikafika, mtaalamu hakutokea. Eti mtungi umepelekwa kwingine. Hela zetu nazo zimepelekwa wapi?

Na asije mtu hapa kuniambia "ungewahi kumchoma sindano". Sindano ya ndigana inasaidia ukiwahi mwanzoni, na bei ya chupa wafugaji wenzangu mnaijua.

Ninachotaka ni kimoja: maji ya josho yachukuliwe mbele yetu, yapelekwe maabara ya mifugo yapimwe nguvu, majibu yabandikwe pale pale getini. Kama kuna aliyefanikisha hili kwao, aseme alianzia ofisi gani na nani aligharamia vipimo. Wale wa "fuga kisasa mkuu", leo piteni uzi mwingine.