MP3 ya kubana, kiswaswadu au redio ya memori: kipi kinamfaa mbanguaji wa korosho?

Mbanguaji Mtwara

Habari zenu wanajamvi. Mimi nabangua korosho hapa Mtwara mjini, tuko kina mama kumi na wawili kwenye kikundi. Tunakaa tangu saa moja asubuhi mpaka saa tisa, kila mtu na kikatio chake: mkono unaweka korosho, mguu unakanyaga. Muziki ndio unaosogeza siku.

Mpaka mwezi uliopita nilikuwa nasikiliza kwa simu yangu ya kupangusa, lakini mafuta ya ganda yameimaliza. Anayezijua korosho anayajua yale mafuta, yanababua ngozi. Ndiyo maana kabla ya kuanza tunapaka majivu au mafuta ya kula mikononi. Sasa mkono wenye majivu na mafuta utapangusaje kioo? Ukitaka kuruka wimbo unatafuta kitambaa, unafuta vidole, unafuta kioo, na wimbo wenyewe umeshaisha. Kioo changu kimeingia madoa ya kahawia na upande wa chini hausikii tena kidole.

Nataka kitu kidogo cha bei nafuu, chenye vitufe ninavyoweza kubonyeza hata kwa kifundo cha kidole, na chaji yake inifikishe saa tisa. Nina elfu arobaini, kadi ya memori ikiwa humo humo. Nimezunguka sokoni nikaona vitu vitatu. Kuna MP3 ya kubana, ile isiyo na kioo, unaibana kwenye nguo kama kibanio cha kuanikia, elfu kumi na mbili. Kuna kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe, chenye sehemu ya memori, elfu ishirini na nane. Na kuna redio ndogo ya memori na flashi, yenye tochi, elfu ishirini.

Nasikiliza taarabu na dansi la zamani, na mchana ukishageuka napenda mawaidha. Mawaidha mengine yanafika saa nzima. Naomba ushauri kwa aliyevitumia.

Fundi wa Chikongola

Pole dada. Vitu hivi navifungua kila siku mezani kwangu, kwa hiyo nikueleze kilichomo ndani.

Ile MP3 ya kubana isiyo na kioo, ukiitoa ganda unakuta betri nyembamba kama kipande cha bazoka. Zinazopita kwangu zinacheza saa tatu, nne zikijitahidi. Wewe unakaa saa nane. Maana yake adhuhuri imekwisha.

La pili wengi hawalijui wanaponunua. Vile vidude havipangi nyimbo kwa herufi. Vinacheza kwa mfuatano ambao nyimbo ziliingia kwenye memori. Kijana wa kibandani akikurushia nyimbo zote kwa mkupuo, zinaingia zilivyotaka, na mawaidha ya sehemu ya tatu yanaweza kutangulia ya kwanza. Dawa yake ni kufuta memori yote kwanza, kuzipa nyimbo namba 001, 002, 003, halafu kuziingiza kwa mfuatano huo. Inawezekana, ila umwambie kijana mapema, vinginevyo atakulipisha mara mbili.

La tatu ndilo litakalokuumiza: nyingi hazikumbuki ulipoishia. Ukizima ukawasha, unaanza wimbo wa kwanza. Uko dakika ya arobaini ya mawaidha, mtu kakuita, umezima. Kurudi pale ni kukandamiza kitufe mpaka kidole kife ganzi.

Kiswaswadu ndiyo kura yangu. Betri ni nene, vitufe ni vikubwa, na betri ikichoka unafungua mgongo unaweka nyingine. Kwenye MP3 betri imechomelewa kwa risasi, ikifa unanitafuta mimi.

Mvuvi Mikindani

Fundi umesema vizuri, lakini redio umeiruka. Mimi nina redio ya namna hiyo mwaka wa tatu sasa. Betri yake ni BL-5C, ile ile iliyokuwa kwenye simu za Nokia, unaipata kila kibanda kuanzia hapa mpaka Kilwa. Nina mbili: moja iko ndani ya redio, nyingine iko kwenye chaji nyumbani.

Kubwa kwangu ni kwamba inashika stesheni. Kusi likianza kuvuma sitoki na mtumbwi kabla sijasikia taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Nyimbo ninazo kwenye memori ya GB 4, zinanitosha usiku kucha, lakini alfajiri nageuza kwenye stesheni. MP3 ya kubana ingenisaidia nini hapo?

Hewa ya chumvi ndiyo adui. Redio yangu ya kwanza ilikufa kwa kutu kwenye vile vyuma vinavyogusana na betri. Hii ya sasa inakaa kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, na kila wiki nafuta vile vyuma kwa kitambaa kikavu.

Dada wa Nachingwea

Mzee wangu wa Mikindani, redio ni nzuri ukiwa baharini peke yako. Mwenzetu yuko na kina mama kumi na wawili kwenye chumba kimoja. Mmoja anataka taarabu, mwingine kaswida, wa tatu ana mtoto mgongoni amelala. Sisi tuliwahi kuwa na redio moja kwenye kikundi chetu, tukaishia kununiana wiki nzima. Kila mtu na sikio lake ndiyo amani.

Kwenye kiswaswadu nakubaliana na fundi, ila usiweke laini. Mimi natumia changu bila laini kabisa, kinacheza nyimbo tu. Ukiweka laini kitaita, utashika simu kwa mikono ya mafuta na kuipeleka shavuni. Tena chaji inadumu zaidi, maana simu haihangaiki kutafuta mtandao. Shambani kwetu, ambako mtandao ni wa kupanda kichuguu, nimeiona tofauti kwa macho: chenye laini kilikuwa kinaomba chaji siku ya pili, kisicho na laini kinaingia ya tano.

Mwalimu Masasi

Naomba niongeze chaguo la nne ambalo sokoni kwetu ni adimu, lakini ukiwa na ndugu Kariakoo anaweza kukutafutia. Kuna MP3 za kampuni zenye kioo kidogo na vitufe, kama SanDisk Clip Sport. Ninayo. Kampuni inasema saa 25 za kucheza, na mimi nafundisha Jumatatu mpaka Alhamisi ndipo naichaji, nikiisikiliza jioni nikisahihisha madaftari. Inapokea memori ya nje, ina FM, na ina folda maalumu ya masimulizi marefu. Ukizima katikati inakumbuka ulipoishia. Kwa mawaidha hakuna mfano wake. Bei ndiyo itakayokupita, ikiwa mpya huipati kwa elfu arobaini.

Na nikuonye kwa jambo moja. Ukikuta iPod Shuffle, MP3 ndogo ya Apple, ya mtumba inauzwa elfu kumi na tano, usishawishike na uzuri wake. Ni kadogo, kana klipu, vitufe vyake ni vitamu kubonyeza. Lakini hakana tundu la memori, na nyimbo hazipandi kwa kunakili tu kama kwenye flashi, lazima zipitie programu maalumu kwenye kompyuta, kama iTunes. Apple waliacha kuzitengeneza mwaka 2017. Niliinunulia binti yangu, tukazunguka vibanda vitatu vya nyimbo hapa Masasi, wote wakaichomeka, wakanakili, na haikuimba hata mmoja. Alilia mtoto yule, nami iliniuma.

Kijana Ligula

Mimi nizungumzie memori, maana hapo ndipo watu wanapoliwa. Usinunue kubwa. Wimbo wa MP3 wa kiwango cha 128 unakula karibu MB 1 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni kama MB 4. Kwa hiyo GB 4 ni nyimbo kama elfu moja, GB 8 ni elfu mbili. Mawaidha ya saa nzima ni MB 60 tu. Utasikiliza zaidi ya wiki bila kurudia.

Memori zinazoandikwa GB 64 au 128 kwa bei ya kutupa, nyingi ndani ni ndogo, zimedanganywa tu kusoma namba kubwa. Utaingiza nyimbo, majina yote utayaona, lakini ukifika mbele haziimbi au zinakwaruza. Nilinunua moja ya hivyo, nikapoteza sauti za harusi ya dada yangu nilizokuwa nimezihifadhi humo. Kabla hujatoa hela, omba muuzaji aijaze mpaka juu, kisha acheze faili za mwisho. Akikataa, ondoka. Halafu viswaswadu na redio nyingi zinaishia GB 32 kwa sababu zinasoma mpangilio wa FAT32, hizo kubwa huja na mpangilio mwingine.

Kijana wa nyimbo mwambie akupe MP3 halisi. Wengine wanakuwekea M4A waliyoshusha mtandaoni, kwenye kompyuta yao inaimba, ukifika nyumbani kiswaswadu kinaandika faili haifunguki.

Muuguzi Lindi

Dada, naomba unisome hapa kwa makini. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza, na sisi tunawapokea watu wenye malengelenge yake. Vaa eafoni kabla ya kuanza kazi, na zikichomoka usizirudishe kwa vidole vilivyogusa ganda. Ngozi ya ndani ya sikio ni laini kuliko ya kiganja. Nawa kwa sabuni kwanza, hata kama wimbo ni ule unaoupenda kuliko yote.

Pili, sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Wewe peke yako unafikisha saa 40 kwa siku tano, huna nafasi ya kuzidisha. Kipimo cha nyumbani: mwenzako aliye kando yako akizungumza kawaida, umsikie. Usipomsikia, punguza. Na kwa kuwa mna kikatio chenye makali, acha sikio moja wazi.

Mbanguaji Mtwara

Jamani asanteni sana, sikutegemea majibu haya. Muuguzi, hilo la sikio sikuwahi kuliwaza. Kuna mwenzetu alikuwa analalamika sikio linamwasha, leo nimemsomea ulichoandika.

Mbanguaji Mtwara

Narudi baada ya wiki tatu. Nilichukua kiswaswadu, nikapunguziwa mpaka elfu ishirini na sita, na memori ya GB 8 elfu tisa. Niliomba ijazwe mpaka juu kama Kijana Ligula alivyosema. Muuzaji wa kwanza alikataa, wa pili akakubali. Laini sikuweka. Nimeshona kimfuko cha kitenge ndani ya aproni, usawa wa kiuno, mdomo wake nimeuwekea mpira. Simu inakaa humo, na vitufe navibonyeza juu ya kitambaa kwa kifundo cha kidole, bila kuigusa. Kitufe cha katikati kimekwisha kushika ramani yake kwenye kitenge, doa la majivu la duara. Nachaji Jumapili na Alhamisi.

Tatizo limebaki moja. Eafoni niliyonunua ina kitufe na maiki kwenye waya. Taarabu ikipigwa nasikia vinanda vizuri kabisa, fidla na ganuni, lakini mwimbaji yuko mbali kama anaimba ndani ya kisima. Nikibonyeza kile kitufe, anarudi. Nikiachia, anapotea. Memori ni mbovu?

Fundi wa Chikongola

Memori ni nzima, dada. Tazama pini ya hiyo eafoni: ina mistari mitatu myeusi, kwa sababu ya maiki. Tundu la simu yako limetengenezwa kwa pini ya mistari miwili. Waya wa ardhi, ule wa kurudishia umeme, haukutani sawasawa, kwa hiyo kinachofika masikioni ni ile tofauti kati ya upande wa kulia na wa kushoto. Sauti ya mwimbaji hurekodiwa sawa pande zote mbili, ndiyo inayofutika. Ukibonyeza kitufe unaunganisha waya wa maiki na ardhi, naye anarudi. Tafuta eafoni ya kawaida isiyo na maiki, yenye mistari miwili. Elfu mbili au tatu unaipata. Ukitaka kusikia sikio moja tu, lete nikuunganishie pande zote ziimbe kwenye sikio hilo hilo, usipoteze nusu ya muziki.

Mbanguaji Mtwara

Nimeipata ya elfu mbili na mia tano. Mwimbaji ametoka kisimani. Kesho nikitoka kazini nakuletea uniunganishie, fundi, na wenzangu wanne nao wanakuja na za kwao.