Wanafunzi wangu wa mtandaoni wamenyamaza: nifanyeje?

Mhadhiri wa uhasibu, Dodoma
Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Nafundisha uhasibu mwaka wa kwanza, na somo lote linaendeshwa kwa mtandao kupitia Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni. Wiki ya kwanza karibu wote 61 walijitambulisha, kila mmoja akieleza anakotoka na kazi anayoifanya mchana. Kufikia wiki ya tano waliokuwa wakiandika walibaki 9, na wengi wao huandika tu "Nakubaliana na mwenzangu". Katika kipindi cha jioni naona majina matupu kwenye kioo, kamera zimezimwa. Nauliza swali, nasubiri, kisha najijibu mwenyewe. Nilipotoa alama kwa kila anayechangia, nilivuna sentensi zilizonakiliwa. Mliokwisha kupitia hali hii mlifanya nini?

Mhadhiri wa elimu, Nairobi
Pole, mwalimu mwenzangu. Mimi ningeanza na swali lenyewe unalowauliza. "Eleza maana ya uchakavu wa mali", yaani kupungua kwa thamani yake kadiri inavyotumika, lina jibu moja. Akishaliandika wa kwanza, wa pili hana la kuongeza, kwa hiyo "Nakubaliana" ni jibu la haki kabisa. Mwambie kila mmoja amtafute mtu mwenye bodaboda, cherehani au mashine ya kusaga mtaani kwake, amwulize alinunua kwa shilingi ngapi na anatarajia itamfanyia kazi miaka mingapi, kisha akokotoe uchakavu wa kila mwaka na aeleze ni wapi hesabu ya mwenye chombo ilitofautiana na yake. Hapo hakuna wa kumnakili. Moodle ina pia jukwaa la maswali na majibu ambamo mwanafunzi haoni michango ya wenzake mpaka atume wa kwake. Tena wagawe sita sita, kwani mbele ya watu 60 mtu huogopa kukosea.

Kuhusu video za somo, ikiwa unazitumia, utafiti wa Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin uliochapishwa mwaka 2014, kuhusu masomo ya edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, ulionyesha kuwa video fupi, hasa zisizozidi dakika 6, ndizo zilizowashika watazamaji zaidi. Wale si wanafunzi wetu, lakini kwa anayejinunulia bando naona ufupi una uzito mkubwa zaidi.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Mwanza
Shikamoo mwalimu. Nimesoma masomo manne kwa mtandao huku nikiuza katika duka la vipuri. Kamera tunazizima kwa sababu picha hula bando, na wengine tuko nyuma ya kaunta wateja wakiingia na kutoka. Somo nililoendelea kuchangia hadi mwisho ni moja tu: mhadhiri yule kila Jumatatu alitutumia ujumbe wa sauti wa dakika mbili, akitaja michango mitatu au minne ya wiki iliyopita na kusema ipi ilikosewa na kwa nini. Siku moja alisema nimesahau kutoa kwenye bei ya kununulia thamani ya masalio, yaani ile inayokadiriwa kubaki mwisho wa matumizi, kabla ya kugawa kwa miaka. Nilichukua kitabu cha risiti, nikakokotoa upya nyuma ya karatasi moja, nikaipiga picha nikaituma kabla mteja hajamaliza kuhesabu pesa zake. Katika masomo yale mengine sikuwahi kujua kama kuna aliyenisoma.

Mhadhiri wa uhasibu, Dodoma
Marahaba, mwanangu, na asanteni nyote. Swali la wiki ya sita nalibadilisha leo, na ujumbe wa sauti utatoka Jumatatu. Katika vikundi vya sita, yule asiyeandika kabisa mnawaachia wenzake wamtafute?

Mhadhiri wa elimu, Nairobi
Hapana, mimi humpigia simu mwenyewe, tena ndani ya wiki mbili za mwanzo. Mara nyingi nakuta amesahau nywila, au simu yake imeharibika na anaona haya kusema.