Madai madogo baina ya majirani: tupeane uzoefu namna mlivyoyamaliza

Assalaam alaykum ndugu zangu. Hapa Wete, Pemba, tumezoea kukaa jioni tukitazama vile vipindi vya Marekani vya mahakama ya madai madogo, na wengi huamini kwamba ile ni mahakama kamili. Kipindi cha The People's Court kilianza mwaka 1981 chini ya jaji mstaafu Joseph Wapner, na Judith Sheindlin, yaani Judge Judy, akaanza chake mwaka 1996. Wanaofika pale ni watu wa kweli wenye madai ya kweli, ila wamekubali kwa maandishi kuondoa kesi zao mahakamani na kumwachia mwamuzi wa kipindi, na fedha anazoshinda mdai hulipwa na watayarishaji, wala hazitoki mfukoni mwa aliyeshindwa. Kwetu aliyeshindwa hulipa mwenyewe, na alfajiri mnaswali safu moja. Kwa hiyo naomba kila mwenye mkasa aueleze, na naanza na wangu.

Msimu mmoja wa karafuu, mchumaji wangu alidai kwamba baada ya kuchambua makonyo, yaani vile vikonyo vya karafuu, alinipimia pishi 11, nami katika daftari langu niliandika 9. Tulivutana siku tatu, kisha tukaenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu. Hakutaka kuliona daftari, kwani alisema kwamba limeandikwa na upande mmoja tu; aliagiza liletwe kopo nililokuwa nikipimia, akaleta na pishi ya jirani, na karafuu zilezile zikapimwa mara mbili mbele yetu. Kopo langu lilikuwa kubwa zaidi. Nilikuwa nimelirithi kwa marehemu baba na sikuwahi kulishuku, lakini haki ya mtu ilikuwa imepotea humo, na mchumaji yule hakuwa wa kwanza kupimiwa kwalo. Nilimlipa pishi zake mbili palepale, kisha nikawatafuta wengine niliowakumbuka.

Fundi wa Mwanakwerekwe: Wa alaykum salaam. Mimi ni mshoni, na mteja alikataa nguo ya Idi akidai kwamba aliagiza mikono mirefu. Nilimsikilizisha ujumbe wake mwenyewe wa sauti katika simu, akanyamaza, akamaliza deni. Tangu siku hiyo sipokei kitambaa bila maelezo ya maandishi au ya sauti.

Mvuvi wa Mkoani: Kaka, wewe umepata wepesi kwa kuwa ulikuwa tayari kulipa. Mimi nilimwazima mwenzangu mashine ya boti, akairudisha imeungua, na mahakama ikaamua anilipe shilingi 300,000. Alinipa 50,000, akahamia Bara. Hukumu ninayo kabatini mpaka leo, na kila nikiona mdai kwenye televisheni anatoka akitabasamu, huwa nakumbuka kwamba yeye amekwishapata chake.

Mwanzisha mada: Pole sana, bwana, na hili lako ndilo zito kuliko yote. Hukumu peke yake haileti fedha; mdai anapaswa kurudi mahakamani kuomba ikaziwe, yaani itekelezwe, na mali ya mdaiwa iliyobaki inaweza kukamatwa kwa amri ya mahakama. Je, huyo mtu ameacha chombo, shamba au mikarafuu hapo Mkoani? Na kama yupo mwenzetu aliyewahi kukazia hukumu dhidi ya mtu aliyevuka bahari, tafadhali amweleze ndugu yetu alianzia wapi.