Mtoto akigongwa kichwa kwenye raga ya shule, nani aamue kama anarudi uwanjani?

Jameni, kuna mwenzetu hapa amesema raga ya shule za upili iachwe vile ilivyo, eti tukianza kutoa kila kijana aliyegongwa kichwa tutalea watu legelege na timu zitakosa wachezaji. Mimi napinga kabisa.

Sote tunajua inavyokuwa. Kijana wa fomu tuu anagongana na mwenzake, anainuka akiyumba, anamwagiwa maji kisogoni, kocha anainua vidole, hivi ni vingapi, akisema viwili basi anarudi na sisi huku pembeni tunapiga makofi kwamba huyu ni mwanaume. Lakini wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii, wanaongea vizuri tu, halafu ukimuuliza tumefungwa ngapi anakutolea macho.

Na hatari kubwa iko kwa pigo la pili. Likija kabla ubongo haujapona, hata kama ni dogo, ubongo wa kijana unaweza kuvimba ghafla na kuokoa maisha hapo ni bahati. Ben Robinson alikuwa na miaka 14, Ireland ya Kaskazini, Januari 2011, aligongwa akaangaliwa akaambiwa aendelee, zaidi ya mara moja, mechi hiyohiyo, mamake akiwa hapo hapo anatazama. Alianguka mechi ikikaribia kuisha na hakupona.

Sasa wanaosema kijana mwenyewe atasema akiumwa, mwangalieni Rowan Stringer wa Ottawa kule Kanada, 2013, miaka 17, nahodha wa timu ya shule. Aligongwa, akatafuta dalili kwa simu yake mwenyewe, akajishuku kabisa, na bado akaingia kucheza wiki hiyohiyo. Akaangushwa, akafa. Kijana mwenye mechi kubwa mbele yake atakuambia yuko sawa, usitegemee jibu lake, na kusema kweli usitegemee la kocha anayetaka kombe pia.

Jimbo lake la Ontario walitunga sheria kwa jina lake 2018, na jimbo la Washington kule Marekani walikuwa wametangulia 2009 baada ya mtoto wa miaka 13, Zackery Lystedt, kupata ulemavu mkubwa. Ukishukiwa tu kuwa na mtikisiko, unatoka, na hurudi mpaka mtaalamu wa afya akuruhusu.

Najua mtasema daktari ni nani huku kwetu, shule nyingi hata nesi hakuna. Sawa, lakini kumtoa mtoto hakuhitaji daktari, hiyo refa anaweza, mwalimu anaweza, hata mzazi anaweza kupiga kelele. Daktari ni wa kumrudisha, na kama hakuna daktari basi asirudi, akae wiki tatu, masomo yenyewe yatamshinda kwanza maana kichwa kinauma na kusoma hakusomeki. Na msiniletee habari ya ile kofia laini ya raga, inazuia kupasuka ngozi na masikio, ubongo ndani unatikisika vilevile.

Walimu wa michezo mlio humu, sheria kama hiyo ikija kwetu mtaipinga kwa sababu gani hasa?