Tumechoka na "herufi za Kiingereza pekee" kwenye majina ya akaunti

Wanajukwaa, hili sasa limezidi. Majukwaa ya Kiingereza yamejaa watu wa Kisumu, Kisii na Nakuru, lakini mengi bado yanakataa jina lolote lisilo la A hadi Z, tarakimu na kistari cha chini. Ukiuliza sababu unajibiwa "usalama". Usalama upi?

Wanasema tapeli anaweza kuchukua "а" ya Kirusi (U+0430 kwenye Unicode, orodha ya dunia inayoipa kila herufi namba yake), akaipachika mahali pa "a" yetu (U+0061), akajifanya msimamizi. Ni kweli, hufanyika. Lakini hebu andika "rnsimamizi" ulisome kwenye kioo cha simu: r na n zikibanana zinakuwa m. Na I kubwa na l ndogo je? Zote ni A hadi Z, kichujio chao kinazipitisha. Tapeli anapita, mwenye jina halali anafungiwa mlango.

Chukua jina Nyang'au. Ritifaa inakataliwa, inabaki "Nyangau", na mtoto wa darasa la tatu anajua kuwa ng'oa na ngoa ni maneno mawili. Hata panaporuhusiwa ritifaa, balaa halijaisha: kibodi ya kompyuta inatoa ' (U+0027), baadhi ya simu zinaigeuza zenyewe kuwa ’ (U+2019). Kwa seva hayo ni majina mawili tofauti. Jisajili kwa simu, kisha uingie kwa kompyuta: "akaunti haipo".

Wanaoandika Kigujarati, na Kisumu wapo tangu enzi za reli, ndio wanaoonewa zaidi. Neno કિસુમુ lina alama 6: konsonanti 3, na vokali 3 zinazoning'inia kwenye konsonanti hizo. Mtengenezaji programu anayejigamba kwamba ameruhusu "herufi zote" huwa ameruhusu kundi la herufi la Unicode tu. Vokali zile ziko kundi jingine, la alama za kuambatishwa, kwa hiyo zinafyekwa na jina linabaki કસમ. Kisha kuna urefu. Kwa UTF-8, njia ya kawaida ya kuhifadhi maandishi ya Unicode, kila alama ya Kigujarati ni baiti 3 (baiti ni kipimo cha nafasi kwenye kompyuta), hivyo neno hilo ni baiti 18 ilhali "Kisumu" ni 6. Seva inayokata kwenye baiti 16 inapasua alama ya sita, na mwisho wa jina unatokea ule msimbo wa almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza.

Na dawa ipo! Sawazisha jina kwa NFC, kanuni ya Unicode inayofanya herufi ileile iandikwe kwa namna moja, kabla ya kulihifadhi. Ritifaa zote zihesabiwe kuwa moja wakati wa kulinganisha. Ruhusu herufi pamoja na alama za kuambatishwa, hesabu urefu kwa alama kamili anazoziona msomaji, kataa jina linalochanganya Kilatini na Kirusi, piga marufuku U+202E inayogeuza mwelekeo wa maandishi. Mfanano wa majina upimwe kwa jedwali la Unicode la herufi zinazofanana. Hilo linamnasa hata "rnsimamizi". Kwenye hifadhidata ya MySQL tumia mpangilio wa herufi wa utf8mb4, uliopo tangu 2010, kwa sababu "utf8" ya zamani inaishia baiti 3 na mwandiko wa Adlam wa Wafulani unahitaji 4.

Kisingizio cha "hatuwezi kuandika jina lake tukitaka kumtaja" nacho hakina mashiko. Kila akaunti ina namba. Wekeni kitufe cha kumtaja mtu chini ya ujumbe wake.

Wasimamizi mnaosoma hapa: nani kati yenu bado anatumia kichujio cha A hadi Z, na anangoja nini kukibadilisha?